Trauti wa Elgon hawaamki alfajiri

Asubuhi ya kwanza niliyokwenda kuvua trauti, samaki wa maji baridi, juu ya msitu wa Mlima Elgon, kwenye kijito kimoja kinachoshuka kuingia mto Suam, maji yaliganda kwenye ufito wangu. Nilirusha mshipi mara tatu. Mara ya nne ukakataa kutoka. Nikauleta ufito karibu na macho, nikaona kwenye kile kipete cha mwisho, chembamba kuliko hereni ya mtoto, kitone cha barafu kimeziba tundu na kuubana mshipi. Nikakitia mdomoni kikayeyuka. Nikarusha tena, kikaganda tena. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwisho wa Februari, na nyasi zote za bondeni zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, kama zimenyunyiziwa unga wa muhogo.

Nilikaa hapo hadi saa tatu. Hakuna samaki aliyegusa hata mara moja. Vidole vilikufa ganzi, nikafunga mizigo nikiwa na hakika kwamba kile kijito ni maji matupu.

Samaki walikuwapo. Mimi ndiye niliyewahi.

Mimi ni Msabiny wa Bukwo, upande wa Uganda wa mlima huu, lakini kuvua nilijifunzia ziwani. Nilishuka Jinja nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaingia kwenye mtumbwi wa mtu kama kibarua, na nikakaa Ziwa Victoria miaka sita. Ziwani kazi ni ya usiku na alfajiri. Mukene, ambao wenzetu wa Kenya na Tanzania wanawaita dagaa, huvutwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa unalala. Nyavu za ngege, samaki wa jamii ya tilapia, zinategwa jioni na kuteguliwa kabla jua halijachomoza, na anayechelewa kurudi anawakuta wenzake wameshauza wanakunywa chai. Ikanikaa mwilini kwamba mvuvi na jua hawapatani. Mama alipougua nikarudi nyumbani, nikapanda na imani hiyo hiyo mlimani.

Aliyenitoa ujinga ni mzee mmoja jirani yetu. Alipokuwa kijana alivuka mpaka, kama watu wetu wanavyovuka mpaka leo kwenda Kitale, akafanya kazi ya kuwabebea Wazungu vifaa vyao vya kuvulia upande wa Kenya wa mlima huu huu. Nilipomweleza yaliyonipata alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Ulianza saa ngapi, kijana wa ziwani?"

"Kabla hakujapambazuka, mzee."

"Jua lilipoufikia mto, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa njiani narudi."

"Basi ulimgongea mtu mlango naye amelala, alipoamka kuja kukufungulia ukawa umeshaondoka."

Hakuongeza neno siku ile. Mengine nilikuja kuyaelewa polepole, mengi kwa kukosea.

Trauti ni mgeni kwenye mlima wetu. Kenya ilipokea trauti wake wa kwanza mwaka 1905, wale wa kahawia kutoka Scotland, wakati wakoloni wakitaka mito ya milimani ifanane na ya kwao. Wale tunaowakuta huku Elgon ni wale wenye mstari wa waridi ubavuni, wanaoitwa trauti wa upinde wa mvua, na asili yao ni mito ya Amerika Kaskazini inayomwagika Bahari ya Pasifiki. Kule kwao baridi kali huja mara moja kwa mwaka na kukaa miezi. Mvuvi wa kule, baridi inapokaribia kwisha na maji yakiwa bado ya barafu, hana haraka ya alfajiri. Anasubiri jua lipande, anavua saa chache za mchana zenye joto, anashusha ndoano hadi chini kabisa na kwenda taratibu, kwa sababu damu ya samaki haina joto lake lenyewe. Mwili wake ni baridi kama maji aliyomo. Maji yakiwa baridi sana, tumbo halisagi haraka, naye hana sababu ya kuhangaika.

Sisi tuko nyuzi moja tu kaskazini ya Ikweta. Hatuna Desemba ya theluji. Lakini ukipita ukanda wa mianzi, juu ya mita 3,000, ile baridi ya kwao inashuka kila usiku, na inashuka zaidi kiangazi, kuanzia Desemba hadi mwanzo wa Machi, kwa sababu mbingu haina wingu la kuufunika mlima na joto lote la mchana linapaa likapotea. Kwa hiyo kila kukicha, trauti wa huku anatoka kwenye majira yake madogo ya baridi, na kufika saa sita yuko kwenye majira mengine kabisa. Ushauri ambao mvuvi wa kule anautumia mwisho wa Februari, mimi nauhitaji kila asubuhi ya kiangazi, kisha nauweka kando kabla ya chakula cha mchana.

Nilinunua kipimajoto. Si kile cha hospitali, kwa kuwa hicho kinaanzia kwenye joto la mwanadamu na mtoni hakisemi kitu. Nilinunua kile cha maziwa, cha watu wanaokusanya maziwa kwenye makopo. Nilikifunga kwa uzi na kukitumbukiza kila nilipofika, nikaandika kwenye daftari la mtoto wa shule: saa, mahali, nyuzi, na kama nimeguswa. Baada ya kiangazi kimoja, daftari lilikuwa limemthibitisha mzee. Juu kule, saa moja asubuhi maji yalikuwa nyuzi 6 au 7, na safu ya samaki ni sifuri, sifuri, sifuri. Saa nne yanafika 9, hapo mmoja mmoja anaanza. Yakishapita 10, kati ya saa tano na saa nane mchana, ndipo kurasa zinapojaa. Trauti hula vizuri kwenye maji ya nyuzi 10 hadi 16 hivi, na kwenye kijito cha juu dirisha hilo linafunguka mchana wakati watu wazima wanatafuta kivuli.

Sehemu ya juu imo ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1993, kwa hiyo huendi ovyo. Unaomba ruhusa kwa Mamlaka ya Wanyamapori, na unapanda na askari mwenye bunduki. Safari ya pili tulipitia Kapkwata, katikati ya miti mikubwa ya podo yenye ndevu za kuvumwani, na yule afande aliyetuongoza alishangaa kuniona nimekaa na chai mpaka saa nne. Aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia nasubiri jua liufikie mto.

Kulikuwa na kidimbwi kimoja chini ya jiwe jeusi, kirefu labda kwa hatua nane. Jua lilikigusa kwanza upande wa mbali, likawa linatambaa juu ya maji kama mtu anayekunjua mkeka. Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya nyasi. Kwa muda mrefu sikuona kitu zaidi ya changarawe. Kisha kipande cha changarawe kikasogea. Samaki alitoka chini ya jiwe, akapanda kiasi cha shibiri moja, akasimama mahali mwanga ulipoishia, pua ikielekea juu mto unakotoka, mkia ukipepea kidogo tu. Nikaona mdomo wake ukifunguka, weupe ukamulika ndani yake, ukafunga. Alikuwa amekula kitu nisichokiona. Baada ya muda akafungua tena. Nilikuwa na miaka sita ya ziwa nyuma yangu na maelfu ya samaki mikononi, lakini sikuwahi kumwona samaki akila. Moyo ulikuwa unadunda mpaka nikahofu atausikia kupitia ardhi.

Sikumpata. Nilisimama ili nirushe, naye akapotea kabla mkono haujafika begani.

Hapo ndipo shida ya pili ya mwisho wa kiangazi. Maji yamepungua, yamekuwa meupe kama glasi, na kila kitu kinaonekana pande zote mbili. Wakati wa mvua unaweza kumkaribia trauti kwa sababu mto umechafuka na unanguruma. Februari, kijito kinanong'ona. Nilichojifunza ni kutembea kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa samaki hukabili mkondo na nyuma yake ndiyo sehemu asiyoiona. Nilijifunza pia kwamba anauona ulimwengu wa nje kupitia duara la mwanga lililo juu ya kichwa chake, na mtu aliyejikunja chini karibu na ardhi anaangukia ukingoni mwa duara hilo, ambako mambo hubanana na kufifia. Kwa hiyo napiga magoti. Suruali zangu zote zimechakaa magotini, na mama alipokuwa hai aliwahi kuuliza kama siku hizi nasali sana. Gambuti nazo nazivua nikikaribia. Kishindo cha mguu mzito kwenye ukingo wenye mboji laini samaki anakihisi kwa mstari wa viungo vya hisi ulio ubavuni mwake hata kama hajakuona.

Na kivuli chako. Chunga kivuli kuliko mwili.

Kuhusu ndoano, mzee hakutumia nyungunyungu. Alifunga wadudu wa bandia, akawaita nzi tu, kila mmoja nzi, hata kama anafanana na buu. Kabla ya kunifundisha kufunga alinipeleka mtoni akaniambia ninyanyue jiwe. Nikanyanyua moja lenye ukubwa wa sahani. Chini yake palikuwa na mji. Kulikuwa na mabuu bapa yenye mikia mitatu, yakikimbia kando kando kama kaa, rangi ya matope. Kulikuwa na vijumba vidogo vya mchanga, urefu wa punje ya mchele, vimegandishwa jiwe zima, na nilipokiminya kimoja akatoka mdudu laini mwenye kichwa cheusi. Aliyejenga ile nyumba alikuwa amechagua chembe moja moja ya mchanga akaziunganisha kwa hariri yake mwenyewe. Mzee akanionyesha kwa kijiti: "Hiki ndicho chakula chao. Wanaoruka ni wachache, hawa wapo siku zote."

Jioni tulikaa na taa. Ndoano namba 16, ndogo kiasi kwamba ikidondoka sakafuni umeipoteza. Mkia ni nyuzi tatu za unyoya wa kanga. Mwili ni manyoya ya fuko, yale ya kijivu yanayolala kila upande, yaliyosokotwa juu ya uzi uliopakwa nta. Juu yake unazungusha waya mwembamba wa shaba, ambao mzee aliufumua kutoka mota ya redio kaseti iliyokufa. Waya huo una kazi mbili: unameremeta kama mgongo wa buu, na unampa nzi uzito wa kuzama. Vidole vya mzee vilikuwa vinatetemeka akishika kikombe, lakini akishika uzi vinatulia. Nilipomuuliza ilikuwaje, aliendelea kufunga tu.

Nzi huyo anaingia majini kwa nailoni nyembamba, milimita 0.15 au chini yake, na hapa ndipo watu wa ziwa tunapovunja roho zetu. Ziwani nailoni nene ni bima. Kwenye kijito cheupe nailoni nene ni kamba ya ng'ombe, kila mtu anaiona. Tena haitoshi iwe nyembamba; nzi lazima asafiri kwa mwendo wa maji yenyewe, asiburuzwe na mshipi hata kidogo. Trauti wa asubuhi ya baridi hasogei zaidi ya urefu wa mkono kukifuata chakula, wala hanyang'anyi. Anafungua mdomo, nzi anaingia, anafunga. Ukingoja kuvutwa utangoja hadi Pasaka. Unatazama pale mshipi unapoingia majini. Ukisita kidogo, ukasimama pale ambapo maji hayasimami, unainua ufito. Nusu ya mara ni jiwe.

Samaki wangu wa kwanza wa Elgon nilimpata hivyo, saa tano na robo, maji nyuzi 10, mkiani mwa kidimbwi ambako mkondo ni wa polepole na kina kinafika kiunoni. Mshipi ulisita. Nikainua. Ufito ukapinda ukatetemeka mpaka kiganjani. Alikuwa mdogo, labda robo kilo, na mstari wa ubavuni ulikuwa na rangi ya ndani ya pera lililoiva. Nililowesha mikono kabla ya kumshika, kwa sababu mikono mikavu inambandua ule utelezi unaomlinda na magonjwa. Nikamwachia. Afande alinitazama kama nimetupa pesa mtoni. Wa pili na wa tatu tuliwala, kwa chumvi tu na moto wa kuni.

Mwaka uliofuata kiangazi kilikuwa kikali, nikakosa nafasi ya kupanda, nikawa navua chini, nje ya hifadhi, karibu mita 2,000, ambako mto unapita kati ya mashamba ya viazi na mahindi. Huku hesabu inageuka juu chini, na mimi sikuigeuza. Nilifika saa tisa mchana, nikiwa nimejaa maarifa yangu mapya ya kusubiri joto. Nikamnasa samaki mkubwa kuliko wote niliowahi kunasa, kwenye kidimbwi kisicho na mti hata mmoja, ng'ombe wakinywa maji hatua hamsini juu yangu. Alipigana sana. Nilimchosha, nikamtoa ndoano, nikamwachia kwa heshima zote. Akageuka tumbo juu.

Nilimshika wima ndani ya mkondo, kichwa kikielekea maji yanakotoka, nikamsogeza taratibu. Mashavu yalifunguka mara mbili, tatu. Nilipiga magoti pale labda dakika kumi na tano. Mara mbili nilidhani ameshika uhai, nikafungua vidole, akalala tena ubavu. Nilitumbukiza kipimajoto nikiwa bado namshika kwa mkono wa kushoto. Kilisoma 21.

Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, na mwili wa samaki kwenye joto hudai oksijeni nyingi. Juu ya hapo, kwenye mita 2,000 hewa yenyewe ina mgandamizo ulio chini kidogo ya asilimia 80 ya ule wa pwani, kwa hiyo maji yetu yameanza na upungufu. Samaki aliyetulia anaweza kuvumilia. Samaki aliyepigana na mshipi hana akiba. Yule hakufa kwa jeraha la ndoano. Alikosa pumzi mikononi mwangu, na mimi niliyajua yote hayo kwa namba kwenye daftari langu lakini sikutumbukiza kipimajoto kabla ya kurusha. Nilimbeba nyumbani. Watoto wa dada walifurahi kumwona, nami sikuweza kumla.

Tangu siku hiyo kipimajoto kinaingia majini kabla ya ndoano. Yakifika 19 nakunja mshipi, hata kama nimesafiri siku nzima, hata kama nawaona wakicheza. Na huku chini nawahi alfajiri kama mtu wa ziwani, kwa kuwa maji yamepoa usiku kucha na saa nne tayari yamekwisha kupata joto. Nimepima pia pale ambapo mwenye shamba ameacha miti ukingoni: mchana ule ule, mto ule ule, tofauti ya nyuzi 2 au 3. Namweleza kila mwenye shamba anayenipa dakika tano. Wengine wananisikiliza, mmoja alipanda mianzi.

Kisha mvua ya kwanza. Katikati ya Machi nilikuwa na mpwa wangu, ana miaka kumi na minne, tukivua mahali ambapo kuta za bonde zinakaribiana. Kwetu kulikuwa na jua kali. Juu mlimani wingu lilikuwa limesimama jeusi tangu saa saba, na nilikuwa nimeliona, nikajiambia liko mbali. Mpwa alikuwa amesimama majini hadi magotini. Akainua kichwa.

"Mjomba, maji yananuka udongo."

Nilitazama. Maji yalikuwa bado meupe. Lakini majani makavu yalikuwa yanapita, mengi, na vijiti, na ile sauti ya kunong'ona ilikuwa imeshuka na kuwa nzito. Nilimwita kwa sauti ambayo sijawahi kumwitia, akatoka mbio bila kuuliza, tukapanda ukingo kwa mikono na miguu. Mto ulikuja rangi ya chai ya maziwa. Mkoba wangu ulikuwa juu ya jiwe ambalo niliamini liko juu sana. Ulikwenda pamoja na jiwe. Nzi wote wa mzee walikuwemo, na kipimajoto.

Usiku ule tuliambiwa kwamba juu imenyesha mvua ya mawe. Kesho yake mto ulikuwa umepungua, jua limewaka, nikaingiza mkono na kuutoa haraka: maji yalikuwa baridi kama ya mtungi uliowekwa nje usiku. Barafu iliyolala kwenye nyasi za juu ilikuwa inayeyuka na kushuka. Siku hiyo samaki wa huku chini, waliokuwa wakila alfajiri wiki nzima, hawakula mpaka mchana.

Mzee alifariki mwaka huo huo. Nzi wanaovua sasa ni wa mkono wangu, na waya ni wa mota nyingine.

Februari iliyopita tulipanda tena na mpwa, tukalala kwenye hema juu ya mianzi. Saa kumi na mbili nilisikia akitoka, akachochea moto, akabandika birika. Nyasi zilikuwa zinavunjika chini ya miguu yake. Alikwenda mtoni na kipimajoto kipya, akakaa huko kitambo, kisha akarudi na kuingiza kichwa hemani.

"Saba, mjomba," akasema, akavua gambuti, akajifunika blanketi tena.